Toleo kuu la programu yetu ya rekodi za shule litoke lini, na mara ngapi kwa mwaka?

Mwanzisha uzi (Kampala)

Wenzangu watunzaji na watumiaji wa programu yetu huria ya rekodi za shule, nafungua uzi huu mwaka huu wa 2025 ili tukate shauri juu ya jambo ambalo tumelizunguka kwa muda mrefu. Je, matoleo makuu yafuate kalenda, au yaendelee kutoka pale tu tunapohisi kwamba kazi imetosha? Naomba tujadiliane hapa kwa maandishi, kwa sababu maamuzi yanayopitishwa kwenye simu na kwenye makundi ya WhatsApp hupotea, na mwenzetu wa Arua au Fort Portal ambaye hakuwa hewani siku hiyo huja kuyasikia baadaye kama uvumi.

Nianze na hali ilivyo. Toleo kuu tunalolitumia sasa lilichelewa kwa sababu moja tu: sehemu mpya ya ada ilikuwa haijakamilika. Wakati huohuo, kazi ya ripoti za muhula kwa mtaala mpya wa sekondari ya chini, ule ulioanza kufundishwa mwaka 2020, ilikuwa imekwisha na kujaribiwa. Shule zilikuwa zinaihitaji sana, kwa kuwa mtihani wa kwanza wa UCE (mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ya chini) chini ya mtaala huo ulikuwa unafanyika mwaka 2024, na herufi A hadi E zilikuwa zinachukua nafasi ya mfumo wa zamani wa D1 hadi F9. Hata hivyo ripoti zilikaa kwenye tawi kuu la msimbo, yaani nakala kuu ya programu tunayoiandika pamoja, zikingoja ada, kama abiria aliyekwisha kulipa nauli akaambiwa teksi haiondoki mpaka ijae. Shule kadhaa hazikungoja. Zilichukua msimbo ambao haujatolewa, zikauweka kwenye seva zao, na mpaka leo tunapokea taarifa za hitilafu za programu ambayo sisi wenyewe hatukuitoa.

Tusidhani kwamba jambo hili limetupata sisi peke yetu. Java 9, toleo la lugha ya kuandikia programu, ilikawia kwa sababu ya aina hiyohiyo: mfumo wake wa moduli ulikuwa haujaiva, basi mambo mengine yaliyokuwa tayari yakaungoja, na kati ya Java 8 ya Machi 2014 na Java 9 ya Septemba 2017 ikapita miaka mitatu na nusu. Baada ya hapo walibadili utaratibu kabisa. Java 10 ilitoka Machi 2018, na tangu hapo toleo hutoka kila Machi na kila Septemba. Kipengele ambacho hakijawa tayari husubiri toleo linalofuata, na hakuna anayegombana. Kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi huo, nacho kilipitia shida inayofanana zaidi na ile ya shule zetu. Kati ya 2.4, iliyotoka Januari 2001, na 2.6, iliyotoka Desemba 2003, wasambazaji, yaani wanaofungasha Linux kwa ajili ya watumiaji, walichoka kusubiri, wakawa wanachomoa vipengele kutoka tawi la majaribio na kuvipachika wenyewe kwenye 2.4, hata ikawa kiini cha msambazaji mmoja hakifanani tena na cha mwenzake. Leo Linux hutoka takribani kila baada ya wiki tisa au kumi: wiki mbili za kupokea mabadiliko, kisha matoleo ya majaribio ya kila wiki, kwa kawaida saba au nane, hadi toleo kamili.

Martin Michlmayr, aliyewahi kuwa kiongozi wa mradi wa Debian (mfumo endeshi huria unaotumia Linux), aliuchunguza mtindo huu katika utafiti wake wa uzamivu huko Cambridge, alioumaliza mwaka 2007. Katika mradi wa watu wanaojitolea, ambamo hakuna awezaye kumwamuru mwenzake, tarehe inayojulikana mapema ndiyo inayowapanga watu: kila mmoja anajua kazi yake iishe lini bila kusukumwa na bosi ambaye hayupo. Nadhani maelezo hayo yanatufaa sisi kuliko yanavyoifaa kampuni yoyote.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe. Swali ambalo huulizwa kwanza ni tunaweza kutoa toleo mara ngapi. Kwa maoni yangu hilo ni swali la pili. La kwanza lina pande mbili: tunaweza kubeba matoleo mangapi ya zamani kwa wakati mmoja, na shule inaweza kupokea toleo jipya mwezi gani? Tukitoa matoleo mawili kwa mwaka na kuahidi kila moja miaka miwili ya marekebisho, tutakuwa na matawi manne ya kutunza, na kila tundu la usalama litahitaji viraka (marekebisho madogo) vinne vilivyojaribiwa mara nne. Tukitoa moja kwa mwaka kwa ahadi hiyohiyo, matawi ni mawili. PostgreSQL, hifadhidata huria, hutoa toleo kuu moja kila mwaka, Septemba au Oktoba, na kulitunza kwa miaka mitano, kwa hiyo wakati wowote ina matoleo matano hai. Wanaweza, kwa kuwa wengi wa wasanidi wake wameajiriwa na kampuni mbalimbali kufanya kazi hiyo. Sisi hatuna mtu hata mmoja anayelipwa.

Vipo pia vitu ambavyo programu yetu imesimama juu yake, na hivyo vina kalenda ambazo hatuzitawali. Programu yetu imejengwa kwa Django (kiunzi cha kujengea programu za wavuti), data iko PostgreSQL, na seva nyingi za shule zinaendeshwa na Ubuntu (mfumo endeshi wa jamii ya Linux). Toleo la Django la msaada wa muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili wa mwaka usiogawanyika kwa mbili, na hutunzwa kwa miaka mitatu. La 4.2 tunalolitumia sasa lilitoka Aprili 2023, kwa hiyo mwisho wake ni Aprili 2026. La 5.2 limetoka Aprili mwaka huu wa 2025. Ubuntu ya muda mrefu hutoka Aprili ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Tukipanga vizuri, mafuriko haya mawili hayatatukuta mwaka mmoja.

Pendekezo langu, basi, ni toleo kuu moja kwa mwaka, wiki ya pili ya Januari, kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa mwanzoni mwa Februari. Vipengele vipya vifungiwe mlango mwisho wa Oktoba, yaani visipokelewe tena hadi toleo linalofuata. Tarehe haisogezwi, kinachosogezwa ni kipengele.

Mchangiaji wa Mbale

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini, na bado sijashawishika. Programu hii inashika alama za watoto na fedha za wazazi. Mzazi akipewa ripoti yenye wastani uliokosewa, hataulizia kalenda yetu. Atamwendea mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu ataizima programu arudi kwenye daftari. Ndiyo maana mimi ni muumini wa njia ya Debian: toleo hutoka likiwa tayari. Debian haijawahi kupoteza heshima yake kwa kuchelewa, ila wapo waliopoteza heshima kwa kuwahi.

Pili, tarehe isiyosogezwa huwatia watu haraka mbaya. Nimeona katika miradi mingine jinsi siku tatu za mwisho kabla ya mlango kufungwa zinavyojaa msimbo ulioandikwa usiku, kwa sababu kila mtu anaogopa kusubiri mwaka mzima. Ukiweka lango moja tu kwa mwaka, ujue umeweka pia msongamano mmoja mkubwa langoni.

Mwanzisha uzi (Kampala)

Hoja ya pili ina uzito, nami nitairudia chini. Ya kwanza, kuhusu Debian, nataka tuitazame kwa historia yake yote.

Debian 3.0 ilitoka Julai 2002, na 3.1 ikatoka Juni 2005. Takribani miaka mitatu ilipita, na katika kipindi hicho waliotaka programu mpya zaidi walianza kutafuta pengine. Ubuntu, iliyozaliwa Oktoba 2004 kutokana na Debian yenyewe, iliwapa toleo kila Aprili na kila Oktoba. Baadaye, mwaka 2009, Debian walitangaza kwamba wataanza kufunga mlango kwa kalenda kila baada ya miaka miwili. Tarehe ya kwanza waliyoitaja, Desemba 2009, ilipingwa na wanachama wao wenyewe, wakaiacha; mlango ukafungwa Agosti 2010, na Debian 6 ikatoka Februari 2011. Tangu hapo mwendo wao ni wa takribani miaka miwili. Kwa hiyo Debian ya leo inafunga mlango kwa kalenda na kutoa toleo kwa utayari. Hiyo ni njia ya katikati, na naikubali kama njia ya heshima.

Ila sharti lake ni kwamba mtu anayesubiri awe na uwezo wa kusubiri. Msimamizi wa seva Ulaya anaweza kuingiza Debian mpya mwezi wowote ikitoka. Shule ya Uganda haiwezi, na hapa ningependa walimu waseme wenyewe.

Kuhusu kuchelewa kwa uaminifu, upo mfano ninaoupenda. Toleo la kwanza la Ubuntu la muda mrefu lilipaswa kuwa 6.04. Waliona mapema kwamba halijafikia ubora walioutaka, wakatangaza kuliongezea muda, likatoka Juni 2006 likiitwa 6.06. Namba hizo ni mwaka na mwezi, kwa hiyo namba yenyewe inaonyesha mpaka leo kwamba lilihama kutoka Aprili hadi Juni. Hatuhitaji kuwa wagumu kuliko hapo: hitilafu ya hesabu za alama au za ada izuie toleo, hitilafu nyingine zisizuie.

Mwalimu wa kompyuta (Masaka)

Nashukuru kwamba safari hii watumiaji wameulizwa. Mimi nasimamia seva ya shule yetu pamoja na kufundisha, na shule mbili za jirani huniita zinapokwama, kwa hiyo nitaeleza jinsi mwaka unavyokwenda upande huu.

Mihula ni mitatu. Wa kwanza huanza Februari hadi mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, wa pili huanza mwisho wa Mei hadi Agosti, wa tatu huanza Septemba hadi mwanzo wa Desemba. Ukiniambia nibadilishe toleo katikati ya muhula, jibu langu ni hapana hata kama toleo hilo limetengenezwa na malaika, kwa kuwa alama za mazoezi zimeshaanza kuingizwa, na kwenye mtaala mpya alama hizo za darasani zina asilimia 20 ya matokeo ya mwisho; zikipotea, hakuna karatasi ya kuzirudisha. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Novemba hata kuigusa seva siruhusiwi, maana ni msimu wa mitihani ya taifa ya PLE, UCE na UACE, na mwalimu mkuu hataki kusikia neno lolote linaloanza na “kujaribu”. Wiki ya kwanza ya Desemba ni ya kuchapa ripoti. Kwa hiyo nafasi ya kweli ninayoipata ni kati ya siku watoto wanapoondoka Desemba na siku mhasibu anapoanza kupokea ada Januari. Likizo za Mei na Agosti zipo, ila ni fupi, na zinatosha kwa viraka tu.

La pili ni kupakua. Toleo kamili pamoja na vifurushi vyake vya Ubuntu ni zigo kubwa kwa shule inayonunua bando kwa siku, hasa tangu kodi ya asilimia 12 ilipowekwa kwenye data Julai 2021. Mimi hupakua mara moja mjini, nikapeleka kwa flashi. Kwa hiyo tarehe ya kutoa toleo kwenu ni tarehe ya kuanza safari kwetu. Shule ya mwisho huweza kulipata wiki nne baadaye. Mkisema Januari wiki ya pili, mnatupa wiki tatu za kufanya kazi ya wiki saba.

La tatu ni watu. Mhasibu wetu alijifunza ukurasa wa ada kwa kukariri mahali pa kila kitufe. Mkivihamisha vitufe kila miezi sita, ataendelea kuandika kwenye daftari na kuniletea niingize mimi jioni. Mara moja kwa mwaka inavumilika, mradi pawe na ukurasa mmoja wa kueleza kilichohama, ulioandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza chepesi, unaochapika.

Na naongeza ombi. Kuna shule ambazo hazina mtu kama mimi, na hizo hubadilisha toleo mara moja kwa miaka miwili zikibahatika. Msizilazimishe kupita kila ngazi. PostgreSQL huruhusu kuhamia toleo jipya kwa kuruka yaliyo katikati. Kwa nini sisi tusiruhusu kuruka angalau moja?

Mchangiaji wa Gulu

Kabla hatujaukubali mwaka mmoja kana kwamba umeandikwa mbinguni, naomba niisemee miezi sita. Kadiri toleo linavyokuwa dogo ndivyo hitilafu yake inavyopatikana upesi, kwa sababu mabadiliko ya kutafutia ni machache. GNOME, wanaotengeneza eneokazi la kompyuta za Linux, wametoa toleo kila miezi sita tangu mwaka 2002, OpenBSD, mfumo endeshi mwingine huria, nao hutoa mawili kwa mwaka, na hakuna anayesema kwamba OpenBSD ni watu wa haraka haraka. Aidha hoja ya msongamano langoni aliyoileta ndugu wa Mbale inaondoka yenyewe: anayejua kwamba lango litafunguliwa tena baada ya miezi sita halazimishi kazi mbichi. Kama miezi sita ni mingi mno kwa shule, basi tufuate mwendo wa Django wa miezi minane, maana ndio tunaoutegemea.

Mwanzisha uzi (Kampala)

Ndugu wa Gulu, kwa upande wa wasanidi umesema kweli tupu. Lakini tazama kilichotokea kwa Java yenyewe niliyoisifu hapo juu: toleo hutoka kila miezi sita, na taasisi kubwa nyingi huyaruka yote na kusimama kwenye yale ya muda mrefu, 17 la Septemba 2021, kisha 21 la Septemba 2023. Watumiaji wamejitengenezea kalenda yao ndani ya kalenda. Shule zetu zingefanya hivyohivyo, nasi tungekuwa tunatoa toleo la Juni ambalo hakuna aliyeliingiza, na hitilafu ulizotarajia zipatikane upesi hazingepatikana kwa kuwa hakuna aliyelitumia.

Miezi minane ndiyo siitaki kabisa. Mwendo huo huzunguka Aprili, Desemba, Agosti, kisha Aprili tena, yaani huangukia mahali tofauti pa mwaka wa shule kila safari. Python, lugha nyingine ya kuandikia programu, ilikuwa na shida hiyo ilipokuwa ikitoka kila baada ya miezi 18, tangu 3.9 ya Oktoba 2020 wameshika Oktoba ya kila mwaka, na sasa kila anayejenga juu ya Python anaujua mwezi huo bila kuuliza. Kwetu mwezi usiobadilika ni muhimu kuliko urefu wa kipindi chenyewe.

Mchangiaji wa Mbarara

Nimewasoma nyote, na nashangaa kwamba hakuna aliyeitaja Januari ya 2026 kwa jina lake. Uchaguzi mkuu wetu huja kila baada ya miaka mitano, na unaangukia mwanzoni mwa mwaka. Mwaka 2021 intaneti ilikatwa jioni ya 13 Januari, mkesha wa kupiga kura, ikarudi 18 Januari. Mwaka 2016, mwezi wa Februari, ilifungwa mitandao ya kijamii na pesa za simu. Sisemi siasa hapa, nasema ratiba. Ukiahidi toleo wiki ya pili ya Januari mwaka wa uchaguzi, unaahidi kitu kisicho mkononi mwako. Na hata intaneti isipokatwa, wazazi na walimu wanakuwa wamerudi vijijini tangu Krismasi, na mafundi tunaowategemea wanakuwa nao huko huko.

Nionavyo mimi, toleo liwe limetoka na kunakiliwa kwenye flashi kabla ya 10 Desemba.

Pia kuhusu majaribio: msichukue nakala ya data halisi ya shule mkaizungusha miongoni mwetu. Sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019 inatuhusu, na majina, alama na madeni ya ada ya watoto ni data binafsi hata kama aliyetuma ni rafiki yetu mwalimu mkuu.

Mwanzisha uzi (Kampala)

Hoja ya Mbarara na ile ya Masaka zinasukuma upande mmoja, nami nasogea nazo: Januari iondoke, iwe Desemba. Nimeliandika pendekezo upya, na naomba lisomwe kama rasimu ya kupigiwa kura.

Toleo kuu litoke Jumanne ya kwanza ya Desemba kila mwaka, likiitwa kwa mwaka wa shule linaouhudumia; la Desemba 2025 litaitwa 2026. Najua wapo watakaoona ajabu kuita toleo kwa mwaka ambao haujafika, lakini mhasibu wa shule anaelewa “programu ya 2026” kuliko “4.0”, na akipiga simu Agosti 2027 akisema anatumia ya 2026, tutajua mara moja amebaki nyuma kiasi gani.

Mlango wa vipengele ufungwe 31 Agosti, si Oktoba. Nimeangalia ni lini hasa tunaandika msimbo, na jibu liko wazi: wengi wetu ni wanafunzi wa vyuo au wahadhiri wasaidizi, na mvua ya michango hunyesha Juni hadi Agosti, kabla muhula wa kwanza wa Makerere haujakolea. Septemba, Oktoba na Novemba zinabaki za kujaribu tu. Mtu wa Gulu atanikumbusha kwamba miezi mitatu ni mingi. PostgreSQL hufunga mlango mwanzoni mwa Aprili na kutoa toleo Septemba au Oktoba, miezi mitano na zaidi, na hiyo ni sehemu kubwa ya sababu ya sisi kuiamini kwa fedha za watu. Majaribio yafanyike kwa data ya kubuni yenye umbo la shule halisi: madarasa yenye wanafunzi 80, watoto wawili wenye jina moja, mzazi aliyelipa ada nusu kwa pesa za simu na nusu taslimu. Chombo cha kuitengeneza data hiyo bado hakipo, na bila hicho sehemu hii ya mpango ni maneno matupu.

Kuhusu msongamano langoni, tuazime desturi ya Linux. Kipengele kiingizwe tawi kuu kikiwa kimekamilika, si kikiwa kinaendelea. Kinachoendelea kikae kwenye tawi la mwenye nacho. Sehemu ya ada ilituchelewesha kwa sababu ilikuwa imeshachanganywa na kila kitu kabla haijaisha, hata isiwezekane kuitoa. Kalenda bila desturi hii haitatusaidia chochote, na ukiniuliza ni lipi nililopenda tulikubali kwanza, ningechagua hili kabla ya tarehe yoyote.

Matoleo ya marekebisho yatoke wiki moja baada ya yale ya PostgreSQL, ambayo hutoka Alhamisi ya pili ya Februari, Mei, Agosti na Novemba. Mei na Agosti zinakaribia likizo. Novemba shule hazitagusa seva, nasi tusiwalaumu.

Mwisho wa toleo: toleo la mwaka uliopita litunzwe hadi mwisho wa muhula wa kwanza, yaani mwishoni mwa Aprili. Tarehe hii inaoana na Django bila kulazimishwa. Toleo la 2026 litahamia Django 5.2, na toleo la sasa lililo juu ya 4.2 litaagwa Aprili 2026, mwezi uleule wa mwisho wa 4.2. Kwa ratiba yao ya sasa, Django ya muda mrefu inayofuata itatoka Aprili 2027. Toleo letu la Desemba mwaka huo litaihamia, na lililotangulia litaagwa Aprili 2028 pamoja na 5.2. Kwa sehemu kubwa ya mwaka tutakuwa na tawi moja la kutunza, na kwa miezi mitano matawi mawili. Huo ni mzigo tunaouweza.

Kuruka toleo moja wakati wa kuhamisha data, kama alivyoomba mwalimu wa Masaka, kuruhusiwe na kujaribiwe kila Septemba.

Mwalimu wa kompyuta (Masaka)

Jumanne ya kwanza ya Desemba inanifaa. Sitaiingiza siku hiyo, kwa kuwa printa zitakuwa bado zinachapa ripoti, ila nitakuwa nimeipakua.

Linalonisumbua ni Aprili. Shule inayobadilisha toleo mara moja kwa miaka miwili itakaa Mei hadi Desemba bila viraka. Umesema 2026 na 2027 yote yatakuwa juu ya Django 5.2, basi 2026 haina sababu ya kiufundi ya kuagwa Aprili 2027. Kwa nini lisiwe la muda mrefu, litunzwe hadi Desemba 2027?

Mwanzisha uzi (Kampala)

Mwalimu, sababu ya kiufundi haipo, ni kweli. Iliyopo ni ya watu. Tawi la muda mrefu linahitaji watunzaji wawili wanaojulikana, si mmoja, kwa kuwa mmoja akipata mtihani au kazi mpya tawi hubaki yatima huku tangazo letu likiendelea kusema liko hai. Wakijitokeza wawili kabla mlango haujafungwa 31 Agosti, 2026 litatangazwa kuwa la muda mrefu. Wasipojitokeza, tutaandika Aprili na tutaisimamia hiyo.

Mchangiaji wa Mbale

Bado naamini katika utayari kuliko tarehe, lakini toleo linaloweza kuzuiwa na hitilafu ya alama au ya ada linanitosha. Niandikeni kuwa mtunzaji mmoja wa tawi la 2026, kwa sharti kwamba kazi ya data ya kubuni ianze kabla ya vipengele vingine na kwamba mimi ndiye nitakayeamua ni hitilafu ipi ya hesabu inazuia toleo. Wa pili atoke upande wa magharibi au kaskazini, ili umeme ukikatika huku awepo mwingine mwenye nao.

Mchangiaji wa Gulu

Nachukua nafasi ya pili, na miezi sita yangu naiweka kando. Ndugu wa Mbale, nitumie orodha ya majaribio ya hesabu za ada ulizonazo. Nitaanza na lile la mzazi aliyelipa nusu kwa simu, kwa sababu nalijua linakovunjika.